Rota ya Mwizi

Shangazi aligoma asubuhi ya Jumamosi, bibi harusi akiwa ameshavishwa shela na wapambe wake wameshaanza kuulizana saa.

Shangazi lilikuwa gari. Mtaa ndio uliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa mpana, mwenye sauti, na hakosi harusi ya mtu. Alikuwa wa zamani, rangi ya maziwa, taa zake za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Bampa zake zilisuguliwa kila Ijumaa kwa majivu na kitambaa laini mpaka ungeweza kujitazama meno. Waliomkodi hawakutaka mwendo. Walitaka kufika wakionekana.

"Piga!" mume alisema kutoka chini ya boneti.

Mke alikuwa kwenye usukani, mtoto kafungwa mgongoni kwa mbeleko. Akazungusha ufunguo. Stata ikanguruma, injini ikazunguka kwa nguvu, ikazunguka tena, lakini haikushika. Ilikuwa kama mtu anayetaka kupiga chafya isije.

"Acha! Utaimaliza betri."

"Si wewe umesema piga?"

"Nimesema piga, sijasema twanga."

Mke akacheka kidogo, akampapasa mtoto mguu kwa nyuma. Alikuwa bado anaweza kucheka. Shangazi alikuwa na siku zake, kama mtu mzima yeyote. Mara nyingi ilikuwa plagi chafu au waya uliolegea, na mumewe alikuwa hodari wa mambo hayo. Mtaani walimwita Kapteni, kwa ajili ya koti lake la bluu lenye vifungo vya shaba alilovaa siku za harusi. Akilivaa hilo koti na kumfungulia bibi harusi mlango, hata wazee walisogea kumpisha.

Asubuhi ile hakuwa amelivaa. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, limepigwa pasi tangu jana mchana, na yeye alikuwa na ovaroli lake la grisi. Mke aliliona hilo akaliacha lipite. Mtu hawezi kutengeneza injini na koti la harusi.

"Mafuta yapo?" aliuliza. Hayo alifundishwa na marehemu baba mkwe, aliyekuwa akisema gari likigoma usiligombeze, liulize. Mafuta yapo? Hewa ipo? Umeme upo? Katika matatu hayo, moja linakudanganya.

Kapteni alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa. "Piga." Petroli ikaruka, safi, ikajaza chupa robo. "Mafuta yapo."

Akafungua chujio la hewa, akalikung'uta, akapuliza. "Hewa ipo."

Akachomoa waya mkubwa wa koili, akausogeza karibu na chuma. "Piga." Cheche ya bluu ikaruka, ikalia tap, tap, tap.

"Umeme upo!" mke akasema kwa furaha, kama aliyeambiwa homa ya mtoto imeshuka.

"Unatoka kwenye koili," Kapteni alisema polepole. "Kutoka kwenye koili kwenda mbele ndiyo shida. Au si umeme kabisa. Labda injini yenyewe."

"Pale kwenye distributa, umeme unapogawiwa, umepaangalia?"

"Nilipafungua jana jioni, nikasafisha platini kwa mkono wangu. Pako sawa." Akainama tena. "Usinifundishe, mama. Piga."

Akapiga.

Jua lilipopanda, uwanja ukajaa washauri. Jirani muuza mkaa, mwanamke mnene wa maneno mengi, alileta kigoda chake kabisa.

"Kapteni, meli imezama?"

"Haijazama, jirani. Inapumzika."

"Shangazi amesikia bibi harusi ni mwembamba, kaona wivu. Mwimbieni!"

Watu wakacheka. Mke naye akatabasamu, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuuma kwenye kiungo cha kidole gumba, pale ufunguo ulipokandamiza. Alikuwa akihesabu kimya kimya, si fedha, bali harusi. Za msimu huu zikienda vizuri, angekodi chumba cha mbele, apake rangi ya manjano, atandike mkeka, awe analea watoto wa wanawake wanaokwenda kazini. Alishachagua hata ukuta wa kubandika picha za herufi. Katika ndoto ile yote kilichokuwa na magurudumu ni Shangazi peke yake.

Betri ikachoka. Stata ikaanza kuzungumza kwa kukoroma, halafu ikabaki kusema tk, tk.

"Nenda kamwombe jirani ile betri ya gari anayopigia redio," Kapteni alisema.

"Niombe mimi? Bado hatujamrudishia jiko lake."

"Wewe ndiye unayezungumza naye vizuri."

Akaenda. Muuza mkaa alimpa, lakini hakumpa bure. Alimpa na sauti ya watu wote kusikia: "Chukua, mwanangu, chukua! Jiko kwenu, betri kwenu, kesho mtakuja kuniazima mume!" Mke alibeba betri kifuani, mtoto mgongoni, akapita katikati ya kicheko huku akiangalia mahali pa kukanyaga.

Alipokuwa akifika, ndipo mama mdogo wa bibi harusi alipotokea kwa miguu, kilemba kimesimama kichwani, viatu virefu vikizama kwenye vumbi.

"Mwanangu amekaa kitandani na shela kama mgonjwa anayengoja gari la hospitali," alisema. Hakumwambia Kapteni. Alimwambia mke, maana ndiye aliyepokea kazi. "Na nyinyi hapa mnachezea chuma."

"Mama, tusamehe. Dakika chache tu..."

"Dakika zako zimenifanya nikodi gari la kubebea maziwa. La maziwa! Bibi harusi wetu atashuka mbele za wakwe kama galoni. Nipe advansi yangu."

Mke akaenda ndani. Ile advansi ilikuwa imeshamegwa kidogo kwa dawa ya kikohozi ya mtoto. Akajazia na zile alizokuwa ameziweka ndani ya foronya kwa ajili ya rangi ya manjano. Mama mdogo alizihesabu hapo hapo uwanjani, akazirudia, akalamba kidole katikati, na watu wote wakihesabu naye kwa macho.

"Mtu akikuuliza gari la harusi," alimwambia wakati wa kuondoka, "mwambie huna. Utapunguza dhambi."

Muda wote huo Kapteni hakuinua kichwa kutoka chini ya boneti. Mgongo wake tu ndio ulioonekana. Mke aliutazama mgongo ule akadhani ni aibu, akamhurumia. Alimletea maji ya kunywa, akamfuta grisi shavuni kwa ncha ya mbeleko.

"Si kosa lako, baba," alisema.

Kapteni alikunywa maji bila kumwangalia.

*

Mchana Kapteni alimwita Fundi Kelele. Fundi huyu alikuwa na gereji kwenye njia panda, na mdomo uliowahi kufika kabla yake. Alikuja akiimba, akakwangua plagi, akatia kidole kwenye petroli akakinusa. Alimwambia mke apige, naye akasikiliza, kichwa kakilaza upande mmoja kama daktari.

"Poleni," alisema.

"Pole ya nini, fundi?" mke akauliza.

"Injini imelegea. Haina nguvu ya kubana tena. Inazunguka, ndiyo, lakini inazunguka kama mzee anayecheza ngoma kwa heshima tu. Huyu ni marehemu, shemeji."

"Juzi alipanda mlima na watu sita!"

"Hata binadamu juzi alikuwa anakula." Fundi Kelele akafunga begi lake. Hakuwa amekaa hata muda wa chai kupoa. Alimtazama Kapteni, Kapteni akatazama pembeni, na fundi akaondoka bila kudai malipo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mtaa ule ujengwe.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja, kwa ile adabu ya kuondoka msibani. Mke akakaa kwenye kiti cha nyuma cha Shangazi, kile cha bibi harusi, akamnyonyesha mtoto. Kiti kilinuka manukato ya wanawake wengi. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke, kwa kuwa mtoto alikuwa na usingizi na hakutaka kumtikisa.

Kapteni alikuja akaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama, tusidanganyane," alisema kwa upole. "Shangazi amemaliza."

Mke akamhamishia mtoto titi la pili.

"Kuna bwana mmoja ananunua magari ya zamani. Hata yaliyokufa. Anayaweka kwenye banda lake, anayapamba, basi. Akimchukua sasa tutapata kitu. Tukimwacha hapa, kuku watataga ndani. Na kuna mwenzangu ana basi dogo, anatafuta wa kuingia naye nusu kwa nusu. Nitakuwa na kazi ya kila siku, siyo ya Jumamosi kwa Jumamosi."

"Baba mkwe alisema..."

"Najua alichosema. Nilikuwepo." Sauti ya Kapteni ilikwaruza kidogo hapo, halafu ikalainika. "Alisema gari ni lako. Ndiyo maana nakuuliza. Sifanyi bila wewe."

Ilikuwa kweli. Mzee alipokuwa kitandani, miguu imevimba, mkwe wake ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Siku moja, mbele ya mkewe na mwanawe, mzee akasema, "Gari lile ni la mkwe wangu." Hakuandika. Hakuhitaji kuandika, katika nyumba ile neno lake halikuwahi kurudiwa.

Mke alimtazama mtoto aliyelala mdomo wazi. Alitazama mkono wake uliovimba. Akamwona mumewe, mtu aliyehangaika kutwa nzima juani kwa ajili yake.

"Basi liuzwe," alisema.

Kapteni akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Akainuka haraka. "Nakwenda kumwambia. Anaweza kuja kesho asubuhi."

*

Jua lilikuwa linashuka mke alipoanza kumfuta Shangazi kwa mara ya mwisho. Hakutaka mnunuzi amchukue na vumbi. Hata maiti huoshwa. Alifuta taa, akafuta bampa, akafungua boneti, akaanza kufuta hata vyuma ambavyo hakuna mtu angeviona.

Ndipo alipofika kwenye distributa. Kifuniko chake cheusi, chenye nyaya zinazochomoza kama miguu ya buibui, kilikuwa safi. Kila kitu pale chini kilikuwa na alama za vidole vya grisi vya leo: kabureta, koili, plagi, mipira. Kila kitu isipokuwa hapo. Mumewe alikuwa ameizunguka injini nzima kama mtu anayefagia chumba akikwepa kona moja.

Akabonyeza vibanio viwili, akainua kifuniko.

Rota ilikuwepo. Kitu kidogo, cha ukubwa wa kizibo, chenye ulimi wa shaba juu. Ndiyo inayozunguka na kugawa umeme kwenye plagi, huu wako, huu wako. Ilionekana nzima. Akashusha pumzi, akajilaumu kwa kuwaza vibaya. Akaichomoa tu aifute. Akaigeuza.

Chini yake palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu.

Rangi hiyo ilikuwa yake. Aliipaka yeye mwenyewe, mwaka alioolewa.

Wakati ule magari yalikuwa yakiibwa sana, na baba mkwe, aliyeendesha malori maisha yake yote, alikuwa na dawa yake. Kila jioni alichomoa rota nzima, akaweka mahali pake rota iliyokufa. Ile ya kufa ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, umeme unavujia humo, lakini kwa macho haina kasoro. "Ukiacha tundu tupu," alisema, "mwizi atajua kinachokosekana, atakuja na ya kwake. Lakini ukimwekea hii, atapiga, atapiga, atasema injini imekufa, ataondoka akikulaani." Waliiita rota ya mwizi. Tatizo lilikuwa kwamba mzee, macho yakififia, alianza kuzichanganya, na asubuhi moja alipiga stata mpaka akatukana. Ndipo mkwe wake mpya, kwa haya, akatoa kichupa chake cha rangi ya kucha akasema, "Baba, tuitie alama." Walikuwa wawili tu pale uwanjani. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mzee alipofariki, rota ya mwizi ilitiwa kwenye kopo la misumari, kopo likawekwa chini ya kitanda cha mama mkwe. Hakuna aliyelishika tena.

Mke alisimama akaishika kiganjani. Atapiga, atapiga, atasema injini imekufa. Kidole gumba chake kikadunda kwa maumivu, kama kilichokumbushwa.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kitanda chake, akichambua nguo za mjukuu kwa kupapasa, maana giza lilikuwa linaingia.

"Mama, kopo la misumari la mzee liko wapi?"

"Mume wako alikuja kulichukua jana jioni. Alisema anatengeneza mlango." Bibi akaweka chini nguo aliyoishika. "Lakini sikusikia nyundo."

Mke akafungua kiganja. Bibi akainama, akakigusa kile kitu, akakitambua kwa kidole kabla ya macho.

"Mwizi ameingia?" aliuliza taratibu.

"Ameingia, mama."

"Kavunja mlango?"

"Hakuvunja."

Bibi akaiokota nguo ya mtoto, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Mimi nimezaa mtoto mmoja tu," alisema. "Usiniambie jina lake."

Mke hakuhitaji kuitafuta sana rota ile nyingine. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa chumbani, kwenye lile koti la bluu. Kumbe alijua tangu asubuhi, sehemu fulani ya mwili wake ilijua: mume hakuvaa koti kwa sababu alijua hakuna harusi. Katika mfuko wa ndani, upande wa moyo, rota nzima ilikuwa imefungwa kwenye leso. Na leso ile ilikuwa ya mtoto.

Alilia? Hapana. Aliketi kitandani, koti mapajani. Akaona mikunjo aliyoipiga pasi kwa uangalifu, akiweka kitambaa chepesi juu ili vifungo visikwaruzwe.

Kapteni alirudi na mkate na mfuko wa sukari, mchangamfu kiasi. Alimbeba mtoto, akamrusha juu, akamdaka. Walipokaa kula, mke alimwekea chai, akamwangalia mpaka alipomeza funda la kwanza. Alikuwa ameamua kumwachia mlango mmoja wazi.

"Baba. Una hakika tumejaribu kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hakuna hata kimoja tulichokisahau?"

Kapteni aliweka kikombe chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ukatikisika, na mke akaomba kimoyomoyo, sema, sema sasa, nitakusamehe kabla chai haijapoa.

"Kungekuwa na njia, ningekuficha wewe?" alisema.

Mke akainuka akaondoa vyombo.

*

Mnunuzi alifika Jumapili asubuhi kwa gari la kukokota magari mabovu, kamba nene imeviringishwa nyuma. Alikuwa bwana wa miwani, mpole, mwenye viatu safi. Kiti cha mbele, kando yake, alikuwa ameketi Fundi Kelele, akitazama paa za nyumba.

"Ndiye huyu?" mnunuzi aliuliza, akamzunguka Shangazi. "Mwili mzuri. Cha kusikitisha ni injini."

"Imekufa kabisa," Kapteni alisema. "Fundi amethibitisha."

"Nimethibitisha," alisema Fundi Kelele.

"Basi bei itashuka tena kidogo. Gari lililokufa ni samani tu, mwenzangu, na samani haina haraka."

"Sawa," Kapteni alisema. Alisema upesi mno. Watu waliokuwa wameanza kukusanyika wakatazamana, kwa kuwa Kapteni alikuwa mtu wa kubishania hata bei ya kiberiti.

Mlango wa nyumba ya jirani ukafunguliwa. Mke alitoka, na muuza mkaa nyuma yake, wameshikilia ile betri iliyorudishwa jana jioni, kila mmoja upande wake.

"Niliambiwa ni kwa ajili ya kuaga," muuza mkaa alitangaza. "Kuaga kwa betri! Mimi nimekuja kuona."

"Kabla hamjafunga kamba," mke alimwambia mnunuzi, "niruhusu nimuage."

"Bila shaka, mama."

"Mama mtoto," Kapteni alisema, "unajichosha bure. Jana tulipiga kutwa."

"Jana nilipiga mimi," alisema mke. Hakupandisha sauti. Alifunga betri mwenyewe, waya huu hapa, waya huu kule, akakaza. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu kiunoni.

Akaketi kwenye usukani. Mkono wa kulia ulimuuma, akatumia wa kushoto.

Shangazi alishika mara ya kwanza. Alikohoa moshi wa bluu, akatikisika mwili mzima, halafu akatulia katika ule mngurumo wake wa chini, mnene, wa kushiba. Kuku wakaruka. Mtoto akapiga makofi.

"Eh!" muuza mkaa alipiga kelele. "Fundi! Si ulisema marehemu? Mbona maiti anaimba?"

"Wakati mwingine," Fundi Kelele alisema, "injini zikipumzika usiku..." Hakumaliza. Alirudi kwenye gari la mnunuzi akafunga mlango, akapandisha na kioo.

Mnunuzi alikuwa amevua miwani. "Lakini hili ni zima! Hili ni tamu! Sikilizeni, bei ya mwanzo isahauni. Naongeza. Sema wewe, Kapteni, nikuongeze ngapi?"

Kapteni hakuwa akimsikia. Alikuwa akimwangalia mkewe kupitia kioo cha mbele, na mkewe alikuwa akimwangalia yeye. Hapakuwa na hasira kwenye macho yale, na hilo ndilo lililomfanya Kapteni ashushe macho kwanza.

"Haliuzwi," mke alisema.

"Samahani," mnunuzi alisema, akiwageukia wote wawili. "Gari ni la nani hasa?"

Watu wote wakamgeukia Kapteni. Ni Shangazi tu aliyekuwa akisema. Kapteni akaweka kiganja juu ya boneti.

"La mke wangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wake, na lilitoka kwa shida, kama jino.

*

Walipobaki wenyewe, Kapteni alikuja akasimama kando ya mlango wa gari. Mke hakuwa ameshuka.

"Baba alinizaa mimi," alisema Kapteni. "Malori yake nimeosha mimi tangu nikiwa mfupi kuliko tairi. Siku ya mwisho akakupa wewe, mbele yangu. Mtaa unaniita Kapteni usoni. Kisogoni unajua wananiitaje? Dereva wa mkewe."

"Sikujua."

"Ungejuaje."

"Ungeniambia." Sauti yake ilipasuka hapo, akaikusanya. "Ungekaa hapa, nami nikakaa hapo, ukaniambia linakuuma. Labda ningeliuza. Labda ningekuandikia jina lako. Badala yake umenikalisha juani na mtoto mgongoni, nipige ufunguo wa injini uliyoiua kwa mkono wako. Yule mama alinitukana wewe ukiwa hapo hapo, kichwa ndani ya boneti. Nilikuletea maji!"

"Nisamehe."

"Nilikuonea huruma, baba mtoto. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Siyo gari."

Akazima injini.  Alishuka, akafungua boneti, akabonyeza vile vibanio viwili kwa mkono uliovimba, na Kapteni aliyejongea kusaidia akarudishwa kwa macho. Akachomoa rota nzima, ile aliyoirudisha usiku mume akiwa amelala, ingali na joto. Akaweka ile yenye tone jekundu mahali pake, akafunga kifuniko, akashusha boneti taratibu bila kuipiga.

Hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akifanya kila jioni. Lakini sasa ilikuwa asubuhi, na hakukuwa na mgeni uwanjani.

Rota nzima akaifunga kwenye pindo la nguo yake, fundo mara mbili.

"Jumamosi ijayo kuna bibi harusi mwingine," alisema bila kugeuka. "Koti lako lipo nyuma ya mlango. Pasi utapiga mwenyewe. Ukitaka kuendesha, uniombe rota asubuhi, na jioni unirudishie mkononi."

"Mpaka lini?"

Mke akalivuta lile fundo, akalikaza. 

"Sijui," alisema.

Akafungua betri, akaibeba kifuani peke yake, akavuka uwanja. Muuza mkaa alikuwa ameketi mbele ya magunia yake, kwa mara ya kwanza bila neno la kuanzia. Alipokea betri akaiweka chini.

"Shangazi kawaka," alisema mwishowe.

"Kawaka."

"Basi mbona unalia, mwanangu?"

Mke akajifuta kwa kiganja, na grisi ikabaki shavuni. "Moshi, jirani."

Muuza mkaa, aliyeishi na moshi tangu ujana wake na kuujua wa kila aina, alimtazama kwa muda. Hakucheka. Alisogea pembeni kwenye kigoda chake kilichowatosha kwa shida wawili, akapangusa nafasi kwa pindo la kanga yake nyeusi ya kazi.

"Kaa basi," alisema, "mpaka upite."